Naombeni ushauri: niliona taa ya jirani inawaka mchana kutwa, nikapita. Nimwambie binti yake?

Mpangaji_Tabata

Wakuu, habari za leo. Nina jambo limenikaa kifuani, wiki ya tatu sasa. Mke wangu yuko kwao anasubiri kujifungua, sitaki kumpa mawazo, ndiyo maana nimelileta kwenu.

Napanga Tabata, nyumba ya vyumba sita, bomba na choo uani, LUKU moja (mita ya umeme wa kununua uniti) tunachangia. Chumba kinachotazamana na changu aliishi mzee mmoja fundi saa, mgane. Tulimwita Babu. Kila magharibi aliwasha taa ya mlangoni kwake, na alfajiri nikitoka kwenda Kariakoo nilimkuta ameshaizima, anafagia. "Shikamoo Babu." "Marahaba, nenda salama." Miaka miwili, mazungumzo yetu yaliishia hapo.

Ijumaa hiyo nilitoka saa kumi na moja alfajiri, taa inawaka, uwanja haujafagiwa. Nikapita. Usiku narudi, inawaka. Jumamosi nilishinda nyumbani nafua, taa inawaka juani. Nilichowaza wakati ule ndicho kinachoninyima usingizi: niliwaza umeme. Nilisema moyoni, huyu mzee atatumalizia uniti, na mwezi huu mimi ndiye niliyetoa nyingi. Nikaanika nguo zangu, nikaingia ndani.

Jumapili mama wa chumba cha tatu akasikia harufu.

Baada ya hapo mngetuona mngesema hakuna watu wenye upendo kama sisi. Haikupita saa mbili turubai limefungwa, viti vimekodiwa, daftari la rambirambi linazunguka. Nilitoa elfu ishirini. Kuna waliolala nje kwenye mkeka. Mtu ambaye hatukumpigia hodi, tulimkeshea.

Binti yake alifika kutoka Morogoro, akauliza nani alimwona baba mara ya mwisho. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Alikuwa mtu wa kimya sana," wote tukaitikia. Hospitali walimwambia ana siku mbili au tatu tangu afariki. Jumamosi anakuja kuchukua vitu vya marehemu, na jana kanipigia: "Kaka, wewe ndiye mlikuwa mlango kwa mlango. Hukuona chochote?" Nikamjibu niko kwenye daladala, nitampigia.

Nimwambie? Au nitamtonesha kidonda bure?

Mzaramo_wa_Kisarawe

Pole sana mkuu. Usimwambie. Siku ya mzee ilikuwa imefika, na maneno yako hayamrudishi. Utamwongezea binti machungu, na nyumba nzima mtaonekana wauaji. Mwombee marehemu, endelea na maisha.

BintiSato

Mzaramo, niwie radhi, nakupinga, kwa sababu mimi ndiye huyo binti. Baba yangu alifia Mwanza mwaka 2017, peke yake chumbani. Majirani wote walinipa maneno hayohayo: alikuwa kimya, hatukujua, Mungu amempenda. Sina hasira na kuchelewa kwao, watu wanahangaika na riziki. Kinachoniuma ni kwamba sijui siku ya mwisho ya baba yangu ilikwendaje. Alikula? Aliita mtu? Kuna aliyemwona akitoka kuchota maji? Kila mmoja alikuwa na kipande kidogo, nina uhakika, lakini kila mmoja alikificha ili asiulizwe mbona hakugonga. Miaka yote hii najaza mwenyewe, na ninayoyajaza ni mabaya kuliko ukweli wowote.

Kaka, mpigie. Usianze kwa kujitetea. Anza na taa.

Mwl_Saikolojia

Mleta mada, huko Marekani kuna kisa kinachofundishwa sana. Mwaka 1964 Kitty Genovese aliuawa karibu na nyumba yake mjini New York, na gazeti likaandika kuwa watu 38 walishuhudia bila kufanya lolote. Baadaye ilibainika hesabu ile ilitiwa chumvi, na wapo waliojaribu kusaidia. Lakini kisa kiliwasukuma John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio mwaka 1968. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akimsikia mwenzake kupitia kipaza sauti anashikwa na kifafa. Waliodhani wako wao tu na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Na wale ambao hawakutoka walikutwa wanatetemeka, viganja vina jasho. Walikuwa wanajali, ila kila mmoja alimwachia mwenzake.

Vyumba sita, taa moja, kila mtu anadhani wa jirani kashauliza. Sisemi hivi kukuondolea lawama. Nasema waulize na wenzako walichoona, ili binti apate habari kamili.

Mama_Nasra

Jamani, nanyi semeni na upande wa pili. Mimi niligonga. Mtoto wa jirani alikuwa anapigwa kila usiku, nikaenda, nikaitwa mmbea, mwenye nyumba akanipa mwezi mmoja nihame. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari ya mtoto anayeonewa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na namba 116 ya kutoa taarifa za watoto ni bure. Nilipiga. Nikahama pia. Watu hawazaliwi na moyo wa "hayanihusu", wanafundishwa hivyohivyo, kwa kutukanwa mara moja mbili.

Mjumbe_Mstaafu

Dada hapo juu kasema kweli tupu. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi kwa muda mrefu. Mfumo huu wa tangu enzi za TANU una siasa zake, najua, ila nilijua nani anaumwa na nani kasafiri. Siku hizi mjumbe anatafutwa mtu akitaka barua tu.

Kijana, andikeni namba za ndugu wa kila mpangaji, mzibandike karibu na LUKU. Na huyo binti usimweleze kwa meseji.

Mpangaji_Tabata

Asanteni wote, hasa BintiSato. Nimempigia jana saa tatu usiku. Kabla ya hapo niliwapitia wenzangu, mama wa chumba cha tatu akakumbuka kuwa Alhamisi jioni Babu alimwomba chumvi.

Nimemwambia habari ya taa. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Ijumaa alfajiri ilikuwa bado inawaka? Una uhakika?" Nikamwambia ninao. Akasema Alhamisi usiku baba alimpigia, wakaongea habari za shamba, akamwambia anakwenda kulala. Akarudia mara mbili: "Kwa hiyo aliongea na mimi, akaenda kulala." Nikasikia analia.

La umeme nimemwambia pia. Hilo hakulijibu. Akaniuliza kama saa za wateja ziko salama, maana zina vikaratasi vyenye majina na anataka azirudishe kwa wenyewe. Nimemwambia Jumamosi siendi kazini, nitazunguka naye.