Nilikimbia mita 400 chuoni, sasa nina timu tatu: niipangeje wiki?

Mwalimu_Mumias: Habari zenu makocha. Shule imenikabidhi riadha, mpira wa mikono na voliboli. Uwanja ni mmoja wa nyasi, na muda ni dakika 90 jioni. Wale wale wenye mbio wanatakiwa kote. Nianzie wapi?

Kocha_Kondele: Mwalimu, angalia kalenda kwanza. Riadha na mpira wa mikono ni vya muhula wa kwanza, voliboli ni muhula wa pili. Kwa sasa ipe siku moja tu. Mbio za kasi weka Jumatatu na Alhamisi: mita 60 mara sita, mapumziko dakika tatu kamili. Wengi hukata mapumziko wakidhani wanajenga pumzi, kumbe mtoto anazoea kukimbia akiwa amechoka, yaani polepole. Kati ya siku mbili za kasi acha saa 48. Msuli wa nyuma ya paja uliochoka ndio unaochanika, na huyo umempoteza kwa wiki kadhaa.

Mbio za kupokezana vijiti: eneo la kupokezana katika 4×100 ni mita 30. Weka alama ya kuondokea nyayo 20 hivi (kisigino kwa kidole) nyuma ya anayepokea, aondoke mwenzake akiifikia, kisha rekebisha. Anayeleta akimkanyaga mwenzake, isogeze nyuma zaidi. Asipomfikia, ilete karibu.

Shinyalu_Voli: Hongera mwalimu, kazi hii inawezekana. Mmarekani Amos Alonzo Stagg alicheza besiboli na futiboli ya Kimarekani pale Chuo Kikuu cha Yale, kisha akawa kocha Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1892 hadi 1932: futiboli, besiboli na riadha. Anasifiwa kwa kutumia godoro lililokunjwa na kuning'inizwa ili wachezaji wajifunze kukaba bila kuumizana. Iga hilo. Ning'iniza mpira mkuukuu kwenye tawi, chini kidogo ya pale mkono wa mtoto unapofika akiruka, afanye mazoezi ya kupiga bila kungoja wavu. Wavu wenyewe ni mita 2.43 kwa wavulana, 2.24 kwa wasichana.

Mwalimu_Mumias: Asanteni sana. Kwa hivyo anayerusha vizuri golini atapiga vizuri wavuni?

Shinyalu_Voli: Mkono ndiyo, miguu hapana. Kwenye mpira wa mikono, anayetumia mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto pekee. Akiruka hivyo kwenye voliboli, mwendo unamsukuma mbele na anagusa wavu. Mfundishe kushoto, kulia, kushoto, aruke kwa miguu yote miwili na atue kwa yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa.