Dhahabu ya Watemplari kwenye kikundi cha ukoo

Fadhili, 20:12
Asalaam aleikum ukoo wangu. Wakubwa shikamooni. Nina jambo nataka kulileta hapa kabla sijalifanyia uamuzi. Mnawajua Watemplari? Wale wapiganaji wa msalaba waliokuwa na makao yao Baitul Muqaddas. Walikuwa na mali kushinda wafalme. Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 1307, alfajiri, mfalme wa Ufaransa akawakamata. Wanasema alipofungua hazina yao akakuta patupu. Mpaka leo haijaonekana.

Fadhili, 20:14
Sasa kuna watu wanachanga kwenda kuitafuta. Hisa moja shilingi 12,000. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa hii.

Shangazi Rukia, 20:17
Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. 12,000 si pesa ya kutoa hivi hivi. Kaka Mwalimu uko wapi? Njoo umsikilize mwanao.

Zuhura, 20:18
Waaleikum salaam kutoka Paje. Bibi yuko hapa kando yangu, namsomea yote.

Baba Mwalimu, 20:31
Waaleikum salaam. Nilikuwa msikitini. Fadhili, vizuri umeuliza kabla ya kulipa. Mimi nimefundisha historia miaka 31 na habari hii ya Watemplari naipenda sana, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Kwanza niambie, hao wanaochangisha wanasema hazina iko wapi?

Fadhili, 20:33
Kisiwa kinaitwa Oak Island, kule Kanada. Wanasema ilisafirishwa kwa meli kutoka bandari ya La Rochelle, ikapitia Scotland. Na asili yake ni chini ya Msikiti wa Al-Aqsa. Walichimba pale wakakuta dhahabu ya Nabii Suleiman, labda na Tabuti lenyewe, lile Sanduku la Agano.

Mwanaisha, 20:34
Jamani! Oak Island si mbali na mimi hapa Halifax, haifiki hata saa moja kwa gari. Niko kazini, nikitoka nitaandika.

Baba Mwalimu, 20:44
Basi tuanzie Al-Aqsa. Chama hiki kilianza kama mwaka 1119, watu wachache na kiongozi wao Hugues de Payens. Mfalme Baldwin wa Pili akawapa mahali pa kukaa kwenye Al-Aqsa, ambayo Wazungu wale waliiita Hekalu la Suleiman. Jina lao limetoka hapo. Hakuna mwandishi wa zama zile, wala Mkristo wala Mwislamu, anayesema walifukua hazina pale. Swalahuddin aliutwaa mji mwaka 1187, na waandishi wake walieleza jinsi msikiti ulivyosafishwa na kuta za Watemplari zilivyobomolewa. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuwasema vibaya wasingenyamaza kama wangekuta mahandaki ya wizi.

Shangazi Rukia, 20:49
Pale chini mimi nimefika, tulipokwenda ziara na kina mama wa Malindi. Sasa hivi ni msikiti, unaitwa Marwani. Unashuka ngazi, unakuta nguzo nene za mawe, safu kwa safu, na mazulia chini. Kwenye pembe za nguzo kuna matundu yaliyotobolewa, mtu anaweza kupitisha kamba. Mwenyeji wetu akatwambia ni hao walikuwa wakifungia farasi. Niliyashika kwa mkono wangu, jiwe limelainika pale kamba ilipokuwa ikisugua.

Baba Mwalimu, 20:51
Ahsante sana Rukia. Walilifanya zizi la farasi. Hiyo ndiyo alama waliyoiacha.

Fadhili, 20:53
Sawa Baba Mkubwa. Lakini utajiri walikuwa nao, hilo halina ubishi. Ulitoka wapi kama si pale?

Baba Mwalimu, 21:02
Ulitoka kwenye mashamba na hawala. Mwaka 1139 Papa aliwasamehe zaka na kuwaweka chini yake mwenyewe, maaskofu wasiwaguse. Watu wa Ulaya wakawapa ardhi kwa sadaka: mashamba, vinu, mizabibu, misitu. Halafu msafiri wa kwenda kuzuru aliweza kuweka fedha zake kwenye nyumba yao London au Paris, apewe hati, achukue fedha akifika ng'ambo. Hawala kamili. Kwa kuwa nyumba zao zilikuwa ngome, mfalme wa Ufaransa naye akawa anaweka mapato ya ufalme kwao Paris.

Baba Mwalimu, 21:03
Shika hilo la mwisho. Hazina ya Watemplari ya Paris kwa sehemu kubwa ilikuwa fedha za watu wengine, akiwemo huyo huyo mfalme aliyewakamata.

Fadhili, 21:06
Ndiyo maana nikasema waliihamisha! Kuna ushahidi wa mwaka 1308. Mtemplari mmoja aliapa mbele ya Papa kwamba mkubwa wao wa Ufaransa alitoroka na farasi 50 akaingia baharini na meli 18. Hilo si la kutunga, limeandikwa.

Baba Mwalimu, 21:15
Hapo umesoma vizuri, na nakupa haki yako. Ushahidi huo upo. Aliyeutoa anaitwa Jean de Châlons, mjini Poitiers, Juni 1308. Aliyetoroka kwa maneno yake ni Gérard de Villiers, na mwingine, Hugues de Châlons, akaondoka na hazina ya mkubwa wao mwingine, Hugues de Pairaud. Lakini usome tena taratibu. Habari ya meli 18 anasema ameisikia ikisemwa, hakuziona. La Rochelle hakuitaja kabisa. Scotland hakuitaja. Hayo yameongezwa na watu wa baadaye sana.

Baba Mwalimu, 21:19
Na kuna jambo ambalo kila nikilifikiri linaniuma. Tarehe 12 Oktoba 1307, siku moja kabla ya kukamatwa, mkuu wao Jacques de Molay alikuwa Paris kwenye maziko ya Catherine de Courtenay, mke wa nduguye mfalme. Alikuwa miongoni mwa walioshika kamba za jeneza. Amri ya kuwakamata ilikuwa imekwisha andikwa tangu tarehe 14 Septemba na kupelekwa mikoani imefungwa kwa lakiri. Mfalme alimtazama mzee yule akimzika shemeji yake, na anajua kesho alfajiri anamfunga. Mtu aliyepata fununu na kutorosha masanduku ya dhahabu hasimami pale na kamba ya jeneza mkononi.

Shangazi Rukia, 21:21
Subhanallah.

Zuhura, 21:22
Bibi anauliza, huyo mfalme kosa walilomfanyia ni lipi?

Baba Mwalimu, 21:30
Mwambie Bibi kosa lao kubwa ni kumhifadhi. Mfalme Philippe wa Nne alikuwa na vita na Waingereza na watu wa Flanders, fedha zimemwishia. Akapunguza madini kwenye sarafu, bei zikapanda. Mwaka 1306 akawafukuza Wayahudi wote Ufaransa na kuchukua mali zao. Mwaka huo huo watu wa Paris wakafanya ghasia, naye akakimbilia ndani ya ngome ya Watemplari mpaka mambo yakatulia. Mwaka uliofuata akawageukia wenyeji wake, akiwashtaki kwa ukafiri na kutemea msalaba mate. Paris waliohojiwa walikuwa 138. Waliokataa mashtaka mpaka mwisho ni 4 tu, wengine waliungama kwa sababu ya mateso. Mei 1310 wakachomwa moto 54 kwa siku moja, kwa kuwa walithubutu kurudi nyuma na kusema maungamo yao ya kwanza yalikuwa ya kulazimishwa.

Fadhili, 21:34
Hilo la 54 sikulijua. Video niliyotazama ilikuwa ya saa nzima na haikulitaja.

Fadhili, 21:41
Lakini Baba Mkubwa, nimetafuta sasa hivi. Mwaka 1313 mfalme alidai alipwe livre 200,000 (livre ni fedha ya Ufaransa ya zama zile) kwa fedha zake zilizokuwa kwa Watemplari. Kama aliikuta hazina, alidai nini tena? Si ina maana ilikuwa imetoweka?

Baba Mwalimu, 21:50
Swali zuri, na wanachuoni wamelijadili. Waliolipishwa ni Wahospitalari, chama kingine cha wapiganaji wa msalaba, kwa sababu Papa Clement wa Tano alikuwa amewapa mali ya Watemplari, isipokuwa ya Hispania na Ureno, kwa hati ya tarehe 2 Mei 1312. Nyumba ya Paris ilikuwa mikononi mwa maofisa wa mfalme tangu asubuhi ile ya kwanza, miaka zaidi ya mitano. Aliyeshika ufunguo ndiye anayelalamika ameibiwa. Mimi naamini alikula kilichokuwemo, kisha akataka alipwe tena ndipo aachie ardhi. Wewe ukiona vinginevyo tutaendelea kujadili, ila kwa 12,000 za Ijumaa usijadili.

Baba Mwalimu, 21:53
Halafu kuna orodha. Maofisa wa mfalme waliandika kila kitu walichokikuta siku ile. Ya nyumba ya Baugy, Normandy, mpaka leo inasomeka. Ni ng'ombe, ndama, kondoo, nguruwe, farasi, nafaka ghalani. Nimeisoma kwa tafsiri na unaona kabisa ni shamba lililokatizwa asubuhi, wanyama hawajatolewa malishoni.

Mwanaisha, 22:20
Nimetoka. Baba Mwalimu shikamoo. Shangazi shikamoo. Fadhili kaka yangu, Oak Island nimekwenda kiangazi kilichopita. Unafika ufukweni, kuna tuta la mawe na udongo linaloungana na kisiwa, na mwanzoni mwake kizuizi na kibao: mali ya mtu binafsi, usiingie. Tuta lilijengwa 1965 ili kupitisha mashine za kuchimbia. Unachokiona ni misonobari na maji ya kijivu.

Mwanaisha, 22:24
Wamechimba tangu 1795. Hata Franklin Roosevelt, kabla hajawa rais wa Marekani, alijiunga nao 1909. Watu 6 wamekufa. Wanne kati yao siku moja, Agosti 1965. Mmoja alianguka shimoni kwa hewa yenye sumu, mwanawe akashuka kumwokoa, na wengine wawili wakafuata. Huku wenyeji bado wanaisimulia kwa sauti ya chini.

Fadhili, 22:27
Inna lillahi. Lakini Mwanaisha, wale wa kwanza si walikuta makumbi ya nazi shimoni na ufukweni? Kanada hakuna minazi! Na vipimo vimeonyesha ni ya kati ya mwaka 1200 na 1400, ndiyo zama za Watemplari.

Zuhura, 22:29
Ngoja. Bibi ameinuka kitandani. Anasema nimpe simu.

Zuhura, 22:36
Ametuma sauti lakini upepo umeiharibu, nawaandikia alivyosema. "Mjukuu wangu, mimi nimefanya kazi ya makumbi tangu msichana. Tunachimba shimo pwani, pale maji yanapofika na kutoka, tunayafukia na kuweka mawe juu. Yanakaa miezi. Ukiyafukua yananuka, lakini usumba ni mzima. Unaupiga kwa gogo, unauosha, unasokota kamba. Maji ya chumvi hayauozeshi, ndiyo yanaukomaza. Kamba ya usumba inadumu kuliko aliyeisokota. Sasa hivyo vipimo vinakwambia nazi ilianguliwa lini. Aliyeupeleka usumba huko vinakwambia?"

Zuhura, 22:38
Anaongeza: "Mabaharia wakipakia vyombo walikuwa wakitia makumbi chini ya shehena isigongane. Chombo kikimaliza safari makumbi yanatupwa pwani. Babu yenu alikuwa nahodha, mwulizeni Mwalimu."

Baba Mwalimu, 22:40
Ni kweli kabisa, Mama. Nimeyaona kwa macho yangu Bandari ya Kale.

Fadhili, 22:43
Bibi, shikamoo. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Mwanaisha, 22:45
Nimeishi huku miaka 9, nimesikia habari ya yale makumbi mara nyingi, na leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mtu aliyewahi kuyafanyia kazi akiulizwa. Bibi nakupenda.

Shangazi Rukia, 22:52
Kaka, hebu waeleze habari ya msalaba wa huku kwetu Malindi. Uliwahi kunieleza tukiwa tumekaa pale mnarani.

Baba Mwalimu, 23:04
Hiyo ndiyo sehemu inayotuhusu sisi. Ureno hawakuwachoma Watemplari. Mfalme Dinis alianzisha Chama cha Kristo mwaka 1319, akakikabidhi mali na ngome zao zote nchini mwake. Mwaka 1420 usimamizi wake ukaenda kwa Mwanamfalme Henrique, yule aliyekuwa akituma meli kupitia pwani ya Afrika, na mapato ya chama yalisaidia kazi hiyo. Baadaye akawa msimamizi Manuel, na Manuel akawa mfalme, na Manuel ndiye aliyemtuma Vasco da Gama. Msalaba uliokuwa kwenye matanga yaliyotia nanga Malindi mwaka 1498 ni wa Chama cha Kristo. Miaka saba baadaye, 1505, meli zenye msalaba ule ule ziliivamia Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Baba Mwalimu, 23:07
Kwa hiyo Fadhili, ukiniuliza mimi mali ya Watemplari ilikwenda wapi, sehemu yake ya Ureno nakuonyesha. Iligeuka mbao, matanga na mizinga, ikafika mpaka hapa Mji wa Kale.

Fadhili, 23:15
Nimekaa nayatafakari haya. Miaka yote natazama ramani za Kanada.

Fadhili, 23:18
Nimewaandikia wale watu waniondoe kwenye orodha yao. Mmoja amenipigia mara tatu, sijapokea.

Shangazi Rukia, 23:19
Alhamdulillah. Usipokee.

Fadhili, 23:22
Ila Baba Mkubwa, kuna kitu chao chochote ambacho kweli kimepotea?

Baba Mwalimu, 23:29
Kipo. Vitabu vyao. Mji wa Akka, ngome yao kule Sham, ulipoanguka 1291, Mtemplari Thibaud Gaudin alivuka na hazina ya chama mpaka Kupro, na makao makuu yakahamia huko. Kumbukumbu zao kuu, hati za ardhi, hesabu na barua za karibu miaka 200, zote hazipo tena. Inaaminika zilirithiwa na Wahospitalari, zikaangamia Waturuki walipoitwaa Kupro 1571. Nani alimwachia nani shamba, nani alikopa, nani hakulipa. Ningepewa nichague kati ya hizo na dhahabu, usiku huu huu ningekuwa nimekwisha zianza kusoma.

Fadhili, 23:33
Na karatasi za kesi zenyewe?

Baba Mwalimu, 23:38
Hizo nyingi zimebaki. Mwaka 2001 mtafiti Barbara Frale alikuta kwenye kumbukumbu za Vatikani hati ya Chinon ya 1308. Ndani yake wajumbe wa Papa wanamwondolea de Molay na wakubwa wenzake hukumu ya kutengwa na kanisa. Papa alikwisha wasamehe. Bado de Molay akachomwa moto Machi 1314, kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Seine, baada ya kusimama mbele ya watu na kukana yote aliyolazimishwa kuungama.

Fadhili, 23:41
Ile orodha ya Baugy unayo nyumbani?

Baba Mwalimu, 23:42
Ninayo, nimeichapa.

Fadhili, 23:43
Nitapita kesho baada ya Isha, inshallah.

Baba Mwalimu, 23:44
Karibu. Mama yako mkubwa atapika mahamri.