Unga wa sifongo ya baharini unaponya kanseri ya damu?

MamaNeema_Kadutu:
Wandugu, hamjambo. Mtoto wa dada yangu ana kanseri ya damu, anachomwa sindano za sitarabini. Kuna kijana hapa Kadutu anauza unga wa kijivu ndani ya vichupa vya penisilini, dola kumi kila kimoja. Ati ni sifongo ya baharini, yule mnyama laini mwenye matundu anayeshikamana na mawe, na sindano ya mtoto ilitoka humo humo. Dada ameshaanza kukopa. Ni kweli ama tunaliwa?

Famasi_Ibanda:
Pole na mtoto, Mama Neema. Kijana ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inamuuzia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Werner Bergmann alikuta kwenye sifongo ya Karibi vitu vinavyofanana na matofali ya DNA (maagizo ya urithi ndani ya seli), ila sukari yake ni nyingine. Wanakemia wakaiga umbo hilo, ikazaliwa sitarabini. Marekani iliikubali 1969. Seli inaipokea kama kitu chake, DNA inakwama, seli inakufa. Lakini hakuna anayesaga sifongo! Inatengenezwa kiwandani, na munganga anapima dozi kwa mwili wa mtoto. Huo unga nani ameupima?

Tena sikia. Eribulini, dawa ya kanseri ya matiti, asili yake ni kitu kinachoitwa halikondrini B, kilichopatikana kwenye sifongo ya Japani. Huko New Zealand tani nzima ya sifongo ya aina nyingine ilitoa kama miligramu 300 tu za halikondrini B hiyo. Tani! Ilibidi mwanakemia Yoshito Kishi na wenzake waiunde maabara, 1992. Sasa kwenye kichupa cha penisilini mtapata nini?

Papa_Chance:
Na zile za Tanganyika? Uvira nimeziona zimegandamana na mawe.

Famasi_Ibanda:
Ni sifongo kweli, Papa, za maji baridi. Lakini si kila sifongo ni dawa. Mara nyingi hata ile sumu inayogeuzwa dawa inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake.

MamaNeema_Kadutu:
Aksanti. Dada anauliza, akimpa vyote viwili?

Famasi_Ibanda:
Asithubutu. Sitarabini inashusha chembe nyeupe za damu. Uchafu ambao mimi na wewe tungeuvumilia unaweza kumuua yule mtoto. Kama amekwisha kumnywesha, apeleke kichupa kwa munganga leo hii, asifiche. Na homa ikipanda usiku, msingoje kukuche.