Naomba ushauri: kutoka kwenye funksheni ukiwa ndani ya lupu mbili

Wakuu, naombeni ushauri. Funksheni ya Python ina lupu mbili za for, moja ndani ya nyingine, zinazotafuta namba kwenye jedwali. break inakatiza lupu ya ndani tu. Ya nje inaendelea, na jibu lililopatikana linaweza kufutwa na la mstari wa chini. return i, j (namba ya mstari na ya safu) inamaliza zote mara moja, mradi ikae ndani ya if: ikisogezwa kushoto ikawa sambamba na if, funksheni inatoka kwenye mzunguko wa kwanza.

Hapo sina shida. Kinachonitatiza ni finally (sehemu ya mwisho ya try) inayofunga faili la jedwali. Inatekelezwa hata baada ya return, sawa, lakini yenyewe ikiwa na return, inafuta jibu la kwanza kimyakimya. Niiondoe hiyo finally nitumie with, inayofunga faili yenyewe, kisha return None mwishoni kama namba haikupatikana? for yenye else (inayotekelezwa lupu ikiisha bila break) naiona inachosha macho.