Watoto wa Mama Kadutu: Ndizi za Jumamosi

Faida, 06:40
Jambo sana ndugu zangu. Jana daktari alisoma vipimo vya damu vya Mama akaniambia kwamba potasiamu, yale madini yaliyo mengi kwenye ndizi, imepanda, na kwa kuwa figo zake hazina tena nguvu ya kuitoa katika mkojo, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndizi moja ya wastani ina miligramu 400 hivi. Naomba asiwepo wa kumpelekea tena, na kila mmoja ajibu hapa.

Faida, 09:15
Watu kumi na wanne mmesoma. Nasubiri.

Justin, 11:02
Yaya Faida, mkubwa wetu, si wewe uliyenihimiza nile ndizi kwa ajili ya shinikizo la damu?

Faida, 11:05
Ndiyo, na uendelee, kwa sababu figo zako ni nzima na potasiamu huusaidia mwili kutoa chumvi. Kwa Mama mambo yamegeuka. Hata maharage, viazi na avoka tuvipime.

Bahati, 12:30
Mkungu wa Jumamosi umeshapakiwa mtumbwini kisiwani Idjwi, na kamaramasenge, hizi ndizi ndogo tamu, hazingoji.

Justin, 12:33
Zilete mtaani Nguba, kesi yao tutaimaliza kabla ya jua kuchwa 😂

Faida, 12:40
Jamani, nimekuta maganda matatu chini ya mto wa Mama. Nani alimpa?

Zawadi, 14:05
Ni mimi. Alikuwa amekataa fufu siku mbili. Baba alipougua sukari mlimkataza kila kitu kwa simu, na mimi ndiye niliyebaki naye akinitazama. Safari hii sitashika sahani tupu peke yangu.

Faida, 14:20
Hilo silisahau, Zawadi. Nimeuliza: bitoke, ndizi za kupika, zikimenywa, zikakatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, sehemu ya potasiamu huondoka. Daktari akikubali, tutampa kidogo.

Mjomba, 19:48
Nimesoma yote. Mmejadili sahani ya dada yangu kutwa nzima, wala hakuna aliyemweleza yeye mwenyewe kwa nini anakatazwa. Mtu mzima hafichwi ugonjwa wake. Mwambieni, na tangu siku hiyo asiwepo wa kula ndizi mbele yake.

Zawadi, 19:59
Ndiyo, Mjomba.

Justin, 20:03
Ndiyo, Mjomba.

Faida, 20:10
Tumesikia, Mjomba. Basi Jumamosi nani atakaa naye amweleze? Zawadi, wewe ndiye anayekusikiliza.

Bahati, 21:34
Mtumbwi umefika, mkungu uko mlangoni kwangu. Niupeleke wapi?