Mkulima kufungwa kisa mto Lugg, hivi ni haki kweli?

mkulima_tu: Wakuu naomba kueleweshwa, kuna yule mkulima wa Herefordshire kule Uingereza alihukumiwa miezi 12 jela mwaka 2023 kisa kaingiza buldoza mto Lugg, kipande cha kama kilomita 1.5 hivi, mwenyewe alidai anazuia mafuriko yasiingie kwenye nyumba za watu. Sasa kosa liko wapi?

mzee_wa_mifereji: Mkuu shamba lake sawa, ila ule mto umehifadhiwa kisheria, hugusi kitu bila kibali. Na hilo la mafuriko mimi silinunui, ukinyoosha mto na kuchonga kingo maji yanakimbia zaidi, unamtupia tu jirani wa huko chini.

Samaki_Mbichi: Watu wanasahau changarawe. Salmoni wanataga mule kwenye vijiwe, maji yanapita katikati mayai yanapata hewa, sasa buldoza likishapita linabaki tope tupu, mayai yanakufa. Miti ya kando nayo kaing'oa, fisi maji ajifiche wapi 😅

mkulima_tu: Hapo nimekupata. Ila jela jamani, si wangempiga faini tu?

mzee_wa_mifereji: Alifanya 2020, akaambiwa aache, 2021 akarudi tena na mashine. Hakimu gani atakuchekea? Juu yake gharama za kesi pauni 600,000 na kuurudisha mto ulivyokuwa.

mkulima_tu: Duh. Laki sita za pauni, bora hiyo jela