Mbuzi wa Kassimu

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Mbwana, Tanga*

Mama Kassimu: Shikamooni wazee. Jamani mimi nimechoka. [Picha] Insha ya Kassimu, "Mnyama Ninayempenda". 4 kati ya 15. Wino mwekundu: MWANDIKO MBAYA, RUDIA.

Ba'mdogo Ally: Shemeji hiki ni Kiswahili au dawa ya daktari? 😂

Mama Kassimu: Ally usicheke. Mwenzio nimelia jikoni.

Ba'mdogo Ally: Nisamehe. Ila dogo ni mvivu tu. Mtu aliyetengeneza redio ya mzee kwa bisibisi anashindwaje kuandika mbuzi? Bakora mbili tatu atanyooka.

Babu Mbwana: Marahaba mama. Redio aliitengeneza kweli. Waya ulikatika karibu na betri. Fundi alitaka elfu kumi na tano.

Shangazi Zuhura: Ndiyo nafika nyumbani, nilikuwa nasahihisha. Wifi, nipigie picha ya karibu, mstari wa pili.

Mama Kassimu: [Picha]

Shangazi Zuhura: "buzi wagu ana peda majani ana bevu". Mbuzi wangu anapenda majani, ana ndevu. Umeona wifi? mbuzi imepoteza m. wangu, anapenda, ndevu, zote zimepoteza n. Halafu d ya ndevu kaigeuza ikawa b. Ally, mvivu hakosei kwa mpangilio hivi.

Ba'mdogo Ally: Mbona kusoma anasoma?

Shangazi Zuhura: Anasoma kwa kuburuza. Kiswahili kinambeba kwa sababu tunaandika tunachotamka. Kiingereza ndicho kitamtoa jasho, neno linaanza na k na haitamkwi. Kuna hali ya kusoma na tahajia kumsumbua mtu inaitwa disleksia, na ile ya mkono kugoma kuandika wanaiita disgrafia. Sisemi anayo, mimi mwalimu tu. Kwanza apimwe macho na masikio. Hilo msiliruke.

Shangazi Zuhura: Na mkono niliuona Idd. Kashika kalamu kama mchi, anakandamiza mpaka maandishi yanatokea ukurasa wa pili. Mpe kipisi cha penseli kifupi, kisichozidi kidole. Hapo ngumi haienei, lazima ashike kwa vidole vitatu. Chapati za Ijumaa akande yeye, vidole vipate nguvu.

Babu Mbwana: Mimi nilikuwa mashoto. Mwalimu alinifunga mkono kwa kamba ya katani nijifunze kuandika kwa mkono wa kulia. Hadi leo benki wanaikataa saini yangu.

Mama Kassimu: 😢 Pole baba. Wifi, na hizo herufi je?

Shangazi Zuhura: Mchanga kwenye sinia. Aandike mb kwa kidole huku anaitamka, kubwa, mara tano, afute. Kesho nd. Dakika kumi, basi, asichoke akaichukia. Kwenye daftari aweke kidole cha kushoto pale tu neno linapoisha, ndipo aanze jingine, asilikate katikati kama hiyo "ana peda". Na usimrudishe kuandika insha nzima upya, utampa makosa yaleyale kwa mkono uliochoka.

Ba'mdogo Ally: Mchanga wa ujenzi umenibakia. Naleta ndoo kesho.

Shangazi Zuhura: Uchekeche kwanza. Na hiyo bakora iache hukohuko.

Mama Kassimu: Mwakani darasa la nne, upimaji wa taifa. Ndiyo inayoninyima usingizi.

Shangazi Zuhura: Ndiyo maana uende kwa mwalimu mkuu muhula huu, usingoje Oktoba ya mtihani. Nenda na daftari. Omba wampe alama mbili, ya hoja peke yake na ya tahajia peke yake. Omba pia wamuulize kwa mdomo. Sasa mwambie anisimulie huyo mbuzi, mrekodi.

Mama Kassimu: [Sauti 2:41]

Babu Mbwana: Nimesikiliza mara mbili. Hii ya mbuzi kula kadi ya kliniki ya mtoto mbona kwenye daftari haimo?

Mama Kassimu: Nimemuuliza. Anasema "kliniki" hakujua kuiandika, akaona aweke majani.

Shangazi Zuhura: Basi mwalimu kasahihisha maneno aliyoyaweza. Hadithi yenyewe hajaiona.

Ba'mdogo Ally: Subiri. Kadi ililiwa kweli?

Mama Kassimu: Kweli. Nesi nilimwambia imelowa mvua 🙈